Mteja Asiye na Mabega

Sisi ni mafundi cherehani. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu mbele kidogo mtatukuta tunajadili moshi na nyuki, tena kwa siku mbili, tena kwa kamati, na mwenyekiti wa kamati ni mimi. Sitaki mtu aje kuniuliza tulifikishwaje huko. Tulikwenda kwa miguu yetu, tukiwa na akili timamu na simu zenye chaji.

Kundi letu la mtandaoni lilianza na watu wawili, mimi na Overloki. Tulimwita hivyo kwa sababu ya mashine yake ya kuzungushia pindo, ambayo aliinunua kabla hajanunua kitanda. Ni fundi mzuri na mpole, mwenye ugonjwa mmoja tu: anapenda utaratibu kuliko anavyopenda watu. Duka lake na langu yametenganishwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo tungeweza kuongea bila simu, lakini tukaona heri wengine nao waingie. Wakaingia mpaka wakafika mia nne. Wako wa mashati, wako wa sare za shule, wako wa mapazia. Yuko mama mmoja anayeshona magunia ya nafaka ghalani, tukamwita Mama Magunia, na kila alichoandika alikianza na "samahanini wakubwa". Mtu akikwama anapiga picha, anauliza, anajibiwa. Zipu imegoma, uzi unakatika, bwana harusi kanenepa baada ya kupimwa, hakuna lililotushinda.

Na kila Alhamisi saa kumi jioni, shangazi yangu alitufundisha.

Huyu ni dada wa baba yangu, na kwenye kundi alijulikana kama Bibi Chaki. Ameshona makoti miaka arobaini na sita. Siku hizi mikono inamtetemeka, hata kutunga uzi kwenye sindano hawezi, lakini sauti ilikuwa nzima. Alijirekodi kwa simu dakika kumi tu, na katika dakika hizo uliona kitambaa kinavyolala bila yeye kukuonyesha kitu. Alikuwa amepanga kutufundisha koti la kiume, koti kamili lenye bitana kwa ndani na kola inayotulia, kwa masomo kumi na mawili. Tena hakuwa na muda wa kuchezea. Ana tezi shingoni, lilikuwa limekua, na daktari alishampangia siku ya upasuaji. Alimwambia bila kuficha kwamba mishipa ya sauti inapita palepale, na kwamba sauti inaweza kutoka ilivyoingia, au ikatoka mnong'ono, au isitoke kabisa. Tulizihesabu wiki pamoja juu ya meza yake ya kukatia. Zilikuwa kumi na tatu.

"Masomo kumi na mawili," akasema, "na wiki moja ya kuugua mafua."

Mimi nililitaka lile koti kuliko wote. Nina miaka thelathini na minane na kazi yangu ni kupunguza na kuongeza. Nafupisha suruali, nabadilisha zipu, nabana magauni ya watu waliokonda kwa mawazo. Koti ndilo linalomtenganisha fundi na mtu mwenye cherehani, na mimi nilikuwa bado upande wa mtu mwenye cherehani. Nikanunua kitambaa cha kijivu, kizito, cha kuogopesha mkasi, nikakikata siku ya somo la pili huku nimebana pumzi.

Somo la nne lilipotoka, akaingia Mpenda Ukweli.

Jina alijipa mwenyewe. Picha yake ilikuwa ya tai anayetazama pembeni, kama mtu anayesubiri kuombwa radhi. Ujumbe wake wa kwanza ulisema: "Nauliza tu. Mbona picha za kundi hili zina giza? Ni makusudi, ili makosa yasionekane?"

Hapa lazima niwaeleze tabia ya kazi yetu, maana bila hiyo mtatuona wajinga wa kawaida, na sisi tulikuwa wajinga wa aina yake. Fundi habishani na mteja. Mteja akisema koti linambana, hata kama unamwona bado ana makombo mdomoni, unachukua wembe, unafumua mshono, unaongeza. Akirudi kusema limelegea, unafumua, unapunguza. Unafanya bure, tena unatabasamu. Tumelelewa hivyo tangu tukiwa wanafunzi wa kuokota pini sakafuni. Malalamiko kwetu si tusi, ni kazi. Basi mtu alipolalamika, watu mia nne tukapapasa kutafuta wembe.

Overloki akaandika sheria: picha zipigwe mchana, karibu na dirisha. Ilikuwa sheria nzuri, sikatai. Lalamiko la kwanza lilikuwa na ukweli kidogo ndani yake, na chambo chochote cha samaki kina nyama kidogo.

"Asanteni kwa kusikia," akaandika Mpenda Ukweli. "Nawapenda, ndiyo maana nasema. Lakini sasa nauliza tu: picha za mchana haziwabagui wanaoshona jioni?"

Tukafumua. Tukaongeza kifungu cha wanaoshona jioni. Akasema kupima kwa inchi kunawatenga waliozoea sentimita. Tukaweka zote mbili. Akasema sasa namba zimekuwa nyingi, tunawachanganya watu makusudi ili tuonekane wasomi. Akasema neno "mteja" linawadharau wanaowashonea watoto wao. Akasema salamu za asubuhi zinajaza simu za watu, na tulipozifuta akauliza ni lini kundi hili lilipoteza utu. Alikuwa anauma na kupuliza, anauma na kupuliza, nasi tukashukuru kwa upepo.

Yalipozidi, tukaunda Kamati ya Marekebisho. Watu watano, mimi mwenyekiti, Overloki katibu. Overloki akafungua daftari la malalamiko, akayapa namba. Siku moja alilipitisha juu ya ukuta wa mbao nilione. Malalamiko yalikuwa thelathini na moja. Ishirini na tisa yalikuwa ya mtu mmoja.

"Umeona?" akasema Overloki. "Wanachama wanalalamika."

"Mwanachama," nikasema.

"Aliyesema ni mmoja. Je, walionyamaza?"

Walionyamaza walikuwa wameinamia makoti yao. Somo la tano walikuwa wamelipokea vizuri. Somo la sita, lile la bega, lilisogezwa wiki nzima, kwa sababu Alhamisi yenyewe tulikuwa tunapiga kura ya neno "mteja", na Overloki alisema haifai mambo mawili kuingiliana. Shangazi akanipigia.

"Mwanangu, wiki yangu ya mafua mmeshaila."

"Tunalimaliza hili, shangazi. Kuna mtu ana malalamiko."

"Ameshona nini?"

"Hatujui."

"Mteja akilalamika, unafanya nini?"

"Nafumua."

"Kabla ya kufumua?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Unamvalisha," akasema. "Anasimama mbele ya kioo, unaona linavuta wapi. Pengine ana haki, pengine kakunja bega tu. Huyo wenu mmemsimamisha kioo gani? Mabega yake mmeyaona?"

"Shangazi, tusipomjibu watasema tunaogopa kukosolewa."

"Nani watasema?"

Nikafikiri. "Yeye," nikasema.

Akacheka mpaka akakohoa, na kile kikohozi sikukipenda. Ilifaa nikate simu, nimnyamazie yule tai mpaka achoke. Lakini nitasema kweli, maana hadithi hii haina faida nikijipaka mafuta: nilikuwa nanogewa. Kumjibu mpumbavu mbele ya watu mia nne kuna utamu wake. Unaandika jibu, unalinyoosha kama pasi inavyonyoosha kola, unalituma, vidole gumba vinakuja kama mvua. Wateja walisimama dukani wakiwa wameshika suruali zao, na mimi nawaambia subirini, kuna jambo zito. Lile koti la kijivu lilikuwa limetundikwa ukutani na pini zake, bila mikono, palepale karibu na soketi. Kila nilipochomeka simu nililisukuma pembeni.

Kundini kulikuwa na mzee mmoja wa mapazia aliyeandika, "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji." Tulimpongeza sana kwa hekima. Kisha tukarudi kumjibu chura.

Somo la sita likatoka. Siku ya pili yake Mpenda Ukweli akaandika: "Nauliza tu. Huyu bibi anayefundisha ana cheti gani? Kuna uthibitisho wowote kwamba amewahi kushona koti? Mtu yeyote anaweza kuongea dakika kumi."

Hapo baadhi ya watu walikasirika, Mungu awabariki. Lakini wengine wakaanza na ule msemo ambao mpaka leo nikiusikia mwili unanisisimka: "Lakini ni swali zuri." Kumbe swali lolote likirudiwa na watu sita wenye nyuso nzito linakuwa zuri. Kamati ikakaa. Overloki akasema kwamba kutomuuliza Bibi Chaki ndiko kutakakomvunjia heshima, kwa sababu itaonekana tunamficha. Sijui aliiokota wapi mantiki hiyo, ila tuliipitisha kwa kura nne, mmoja hakuwa na mtandao. Na ili jambo liwe laini, kazi ya kumuuliza akapewa ndugu yake.

Nilimwandikia. Niliufuta ujumbe mara nne nikitafuta upole, na upole nilioupata ni huu: "Shikamoo shangazi. Sisi tunakujua, ila kuna watu wameuliza. Kama una cheti chochote, hata cha zamani, kipige picha utume, tumalize maneno. Picha iwe ya mchana, karibu na dirisha."

Kuna watu. Alikuwa mmoja, mwenye picha ya ndege, na mimi nikamwita watu.

Shangazi alijibu neno moja: "Marahaba."

Alhamisi saa kumi somo la saba halikutoka. Somo la saba lilikuwa la kupachika mkono. Kwa hesabu yangu kulikuwa na makoti sitini na kitu katika nyumba sitini na kitu, yote yana bega na kola ya kuanzia, na yote yana matundu mawili pembeni. Nikaandika kwamba Bibi Chaki anapumzika. Nililiamini hilo kwa sababu lilinifaa. Alhamisi iliyofuata nikaandika hivyohivyo, nikabadilisha salamu tu.

Jumanne ya wiki ya kumi, saa tatu asubuhi, Mpenda Ukweli akatuma haya: "Nauliza tu. Nani aliyethibitisha kwamba moshi hauwadhuru nyuki? Mbona hamtaki kuliongelea?"

Kundi lilinyamaza robo saa nzima. Mara nyingi naifikiria ile robo saa. Tungeweza kucheka na kurudi kwenye cherehani zetu, na leo ningekuwa nasimulia hadithi nyingine. Lakini mtu mmoja akaandika, "Labda ni fumbo," na Overloki akaandika chini yake, "Lalamiko namba thelathini na tatu limepokelewa."

Kamati ikalivalia njuga. Mjumbe mmoja akasema nyuki ni sisi wachapakazi na moshi ni uongozi, kwa hiyo tunasemwa. Mwingine akasema hapana, anazungumzia pasi za mkaa, zinatoa moshi, na bila shaka kuna fundi anayefanyia kazi karibu na mzinga. Wa tatu akapendekeza tuwasiliane na huyo fundi, na jioni nzima ikapita tukimtafuta fundi ambaye tulimbuni wenyewe. Mimi mwenyekiti niliandika rasimu ya msimamo. Ilianza hivi: "Kundi hili linawathamini nyuki wote." Overloki aligonga ukuta wa mbao kuniuliza kama "wote" haitaonekana kuwapendelea. Sikumwuliza kuwapendelea nyuki dhidi ya nani. Nilifuta "wote".

Jumatano mchana, katikati ya nyuki, ukaingia ujumbe wa Mama Magunia. "Samahanini wakubwa. Somo la mkono halijatoka, nimejaribu mwenyewe kwa kubahatisha. Wa kulia umekaa. Wa kushoto unavuta kwa nyuma. Nifanyeje?" Aliweka na picha. Ilipigwa mchana, karibu na dirisha, kama sheria ilivyotaka. Koti lilikuwa la kaki nene ya ghalani, na mkono wa kulia ulikuwa umekaa kweli, umeshuka kutoka begani bila kununa. Mtu wa magunia.

Overloki alimjibu: "Mama, tafadhali vuta subira, tuko kwenye mjadala."

Mimi niliuona ule ujumbe kwa macho yangu. Niliona mkono unavyovuta, nikaona pia kwamba yule mama amenipita, na kitu kikanichoma kidogo. Kisha nikapandisha skrini juu kutafuta nilipoishia kwenye rasimu.

Jioni ile akaja shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, kuchukua suruali yake. Ana mizinga kama thelathini. Nikaona Mungu kaniletea mtaalamu mpaka mlangoni.

"Shemeji, hivi moshi unawadhuru nyuki?"

"Ukizidisha. Kwa nini?"

"Kuna mtu kwenye kundi letu ameuliza. Tuko siku ya pili."

Akaweka suruali chini. "Ana picha ya tai?"

"Unamjua?"

"Yuko kwetu. Kwenye kundi la wafuga nyuki. Wiki iliyopita alituuliza ni nani aliyethibitisha kwamba kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa, na kwa nini tunaficha."

Nilikaa kwenye stuli ya wateja. "Nanyi mkafanyaje?"

Shemeji akatazama pembeni. Ni mtu mzima, ana watoto watatu. "Tuliunda kamati ndogo," akasema.

"Ikafikia wapi?"

"Kifuliwe. Tumeandika kurasa nne."

Jibu lenyewe lilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Shemeji akaniambia anamjua mtu aliyemkuta kwenye kundi la wanaojifunza udereva, na mwingine kwenye kundi la watu wenye vidonda vya tumbo. Kila asubuhi anaamka na kumwagia kila kundi ndoo yake, na siku nyingine anakosea ndoo, ya wafuga nyuki inamwagwa kwa mafundi. Hajali nyuki, wala kitambaa, wala matumbo ya watu. Anachotaka ni kuona watu mia nne wanaacha kazi zao. Sisi tulimpa mia nne, wafuga nyuki mia mbili, na sijui wagonjwa wangapi waliosahau kunywa dawa.

Nikamwondoa palepale, shemeji akitazama. Ilichukua sekunde mbili. Wiki sita za kufumua, na wembe wenyewe ulikuwa kitufe.

Mkidhani watu walishangilia, hamjui watu. Overloki aligonga ukuta. "Umemtoa bila barua?" Halafu kundi likawaka. Dada mmoja wa sare za shule, ambaye nilimfundisha kuweka zipu kwa mikono yangu hii, akaandika: "Nauliza tu. Nani alikupa mamlaka hayo?" Mwingine: "Nawapenda, ndiyo maana nasema, leo katolewa yeye, kesho ni nani?" Niliwasoma nikaona wameshika mwandiko wake barabara, hata kushona hawakujifunza haraka hivyo. Wiki mbili nzima tukajadili kuondoka kwake. Alikuwa hayupo na bado tunamhudumia.

Nilipoinua kichwa, wiki ya kumi na mbili ilikuwa imekwisha na ya kumi na tatu imeanza. Kesho yake asubuhi shangazi alikuwa analazwa.

Nilifunga duka saa saba mchana. Nikachaji simu mpaka ikajaa, nikafuta picha za zamani ili nipate nafasi, na njiani nikapanga: masomo sita, dakika kumi kumi, saa moja tu, na kila kitu kitakuwa kimehifadhiwa. Nilijiona nimepata akili. Nilikuwa hata nimeandaa maneno ya kuombea radhi.

Mlango wake ulikuwa wazi. Shangazi alikuwa ameketi mbele ya meza ya kukatia, amejifunga mtandio shingoni, mikono ameikalia ili isitetemeke. Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye pasi, na ndani ya simu alikuwamo mtu.

"Umelivalisha?" alikuwa anauliza.

"Nimemvalisha mlinzi wa ghala, bibi. Kasimama hapa." Kwa neno ghala nikamjua: Mama Magunia, aliyechoka kuvuta subira kwetu.

"Mwambie aachie mikono, asijikaze kama anapigwa picha. Mkunjo uko wapi?"

"Nyuma, juu kidogo ya kiwiko."

"Basi mkono wa koti umekaa nyuma mno. Mkono wa mtu unaning'inia mbele kidogo, mtazame huyo mlinzi wako utaona. Toa pini za juu, tatu tu. Za chini ya kwapa ziache. Sasa zungusha kuja mbele, nusu ya upana wa kidole. Usivute. Unakisindikiza kitambaa, hukiburuzi."

Zikasikika pini tatu zikiwekwa mezani. Kisha Mama Magunia akasema polepole, "Umeondoka, bibi. Mkunjo umeondoka."

Ile sauti ya shangazi, ambayo leo imebaki mnong'ono usioshikwa na simu yoyote, siku ile ilikuwa bado nzima. Alicheka kidogo, akamwambia asubiri, ndipo akaniona mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia.

"Shangazi, yule mtu nimeshamtoa."

"Yupi?"

"Yule aliyekuuliza cheti."

Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na ingekuwa heri angekuwa nayo. "Aliyeniuliza cheti ni wewe," akasema. "Huyo mwingine simjui, na mimi hakuniandikia. Maneno yake niliyaona kule nikayapita, mbwa akibweka nyuma ya ukuta wa watu unasimama? Wewe nilikushika kidole ukiwa na miaka tisa nikakionyesha mkasi unavyoshikwa. Wewe ndiye uliyeniambia niende dirishani."

Maneno yangu ya radhi yalikuwa marefu, na yote yakanipotea. Nikasema, "Nisamehe, shangazi." Nilisema nikiwa nalia, na sikujificha.

"Nilikusamehe siku ileile. Nimekulea, nitakupeleka wapi? Lakini mbona umekuja na simu?"

"Nimekuja tumalize masomo. Nitarekodi yote leo, nitayaweka kundini, watu watayapata."

"Watu wale wa nyuki?"

Nikaishusha simu.

"Koti lako," akasema. "Linavuta wapi?"

"Halina mikono bado."

"Bega ulilifunga?"

Somo la bega lilikuwa la sita. Lilitoka siku moja kabla ya lile swali la cheti, na mimi sikuwahi kulisikiliza mpaka mwisho. Lile koti lilikuwa na pini zilezile za somo la tano. "Sikupata muda, shangazi."

"Umekuja nalo?"

"Hapana."

Alitikisa kichwa, si kwa kunikemea, ni kama mtu anayepima kitambaa akaona hakitoshi. "Sauti niliyo nayo ni ya leo," akasema. "Siwezi kuimwaga hewani ikatafute nani atakuwa na nafasi. Nikisema sogeza, lazima kuwe na mtu anayesogeza, aniambie imeingia au imekataa. Wewe ungekuwa na kitambaa mkononi ningekufundisha hata kwa ishara."

"Nikakimbie nikalilete?"

"Nenda ukitaka. Ukinikuta bado naongea, utanikuta."

Kutoka pale mpaka dukani kwangu na kurudi ni mwendo wa saa tatu, magari yakiwa na huruma. Alijua, na mimi nilijua. Akageuza kiti, akaisogelea ile simu kwenye pasi.

"Haya mwanangu, tuliishia wapi?"

Mama Magunia akasema waliishia kwenye mkono, sasa anataka kuanza bitana. Shangazi akamwambia aitandaze mezani, upande wa kung'aa uangalie chini. Nilikuwa bado nimesimama pale mlangoni na simu yangu iliyojaa chaji, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi hakukuwa na mtu aliyeniuliza kitu.